Kikapu cha Kupikia: Jinsi Kazi ya Mikono Inavyofundisha Maarifa ya Nyumbani

Katika shule nyingi na vikundi vingi vya wanawake nchini Kenya, mwisho wa mafunzo huwa ni siku ya maonyesho. Meza hutandikwa vitambaa vilivyotariziwa maua, keki huwekwa katika sahani, na wageni hupita wakisifu. Hapana ubaya katika jambo hilo. Lakini yafaa kuuliza swali moja: maonyesho yakiisha, kitambaa kile huenda wapi? Mara nyingi hukunjwa na kutiwa sandukuni. Keki huliwa siku ile ile. Kule nyumbani mama huendelea kupika maharagwe kwa saa tatu juu ya mafiga, machozi yakimtoka kwa moshi, kama alivyokuwa akipika kabla binti yake hajaanza kujifunza.

Maarifa ya nyumbani, ambayo shuleni huitwa pia sayansi kimu, hayakukusudiwa kuishia mezani pa maonyesho. Makusudi yake ni kwamba watu wa nyumbani wale vizuri zaidi, wavae vizuri zaidi, wawe na afya, wala wasipoteze bure fedha na nguvu zao. Kwa hivyo kazi nzuri ya kumpa mwanafunzi ni ile inayoanza na haja iliyoko nyumbani kwao, na kuisha na kitu kinachotumika huko huko. Makala haya yaeleza kazi moja ya namna hiyo, ambayo ndani yake mna ususi, ushonaji, upishi na hesabu pamoja. Kazi hiyo ni kutengeneza kikapu cha kupikia.

MAFUNDISHO HAYA YALIVYOANZA

Kufundisha mambo ya nyumbani kwa kazi ya mikono si jambo geni nchini Kenya. Mwaka 1908, katika wilaya ya Henrico, jimbo la Virginia, nchini Marekani, mwalimu mmoja mwanamke Mweusi, Virginia Randolph, alipewa kazi ya kuzitembelea shule ndogo za mashambani na kuwasaidia walimu wake. Pamoja na kusoma na kuandika, alihimiza usafi, bustani, ushonaji, upishi na ususi wa vikapu. Mshahara wake ulitoka katika mfuko wa fedha uliowekwa na Bibi Anna Jeanes wa Philadelphia. Mpango huo ulipendwa, na mwaka 1925 shule iliyopewa jina la Jeanes ilianzishwa Kabete, karibu na Nairobi. Walimu waliokwenda kusoma huko walikaa pamoja na jamaa zao, na wake zao nao walifundishwa malezi ya watoto, upishi na ushonaji, ili wakirudi kwao nyumba zao ziwe mfano kwa majirani.

Baadaye, mwaka 1952, chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa, na shule hiyo ya Kabete ikawa mahali pa kuwafunzia viongozi wa vilabu vyake. Vilabu hivyo vilienea sana katika miaka ya Hali ya Hatari, yaani tangu 1952 hata 1960. Ni kweli kwamba Serikali ya kikoloni ilivitumia ili kuwavuta wanawake wasiwaunge mkono wapiganaji wa Mau Mau, na kwa sababu hiyo wako waliovitazama kwa shaka. Hata hivyo wanawake wengi walivifanya vilabu hivyo kuwa vyao wenyewe, na mwaka 1958 Bibi Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa chama hicho.

Tangu zamani hizo lawama moja imerudiwa mara nyingi: kwamba wanawake walifundishwa kutarizi na kuoka keki, hali wao ndio waliokuwa wakilima mashamba, wakichota maji na kubeba kuni. Lawama hiyo ina haki ndani yake. Dawa yake si kuacha kufundisha ushonaji na upishi, bali ni kuchagua vema kitu cha kushonwa na kitu cha kupikwa.

KIKAPU HUPIKAJE BILA MOTO?

Kikapu cha kupikia ni kikapu cha kawaida kilichojazwa majani makavu, chenye shimo katikati la kuingia sufuria, na mto mnene wa kufunika juu. Chakula huchemshwa kwanza motoni. Kisha sufuria huondolewa ikiwa bado inatokota, ikatiwa ndani ya kikapu na kufunikwa. Humo chakula huendelea kuiva chenyewe.

Jambo hili si uchawi. Maji yakiisha kuchemka, hayawezi kuwa moto zaidi hata kuni zikiongezwa. Pwani ya Mombasa maji huchemka kwa digrii 100; Nairobi, mji ulioko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, huchemka kwa kiasi cha digrii 94 hivi, na ndiyo sababu maharagwe huchelewa kuiva katika nchi za juu. Basi kuni zinazowashwa baada ya chakula kuchemka hufanya kazi moja tu: kurudisha joto linalopotea kwa upepo na kwa kuta za sufuria. Joto hilo likizuiwa lisitoke, moto hauhitajiwi tena. Majani makavu huzuia joto kwa sababu hewa iliyotulia katikati yake haipitishi joto upesi. Blanketi humtia mtu joto kwa sababu iyo hiyo.

Maarifa haya yametumika katika nchi nyingi. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1867, sanduku la kupikia la namna hii lilionyeshwa kutoka Norway. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, watu wa Uingereza walihimizwa kutumia masanduku ya majani makavu ili kupunguza matumizi ya makaa ya mawe na gesi. Nchini Kenya, vikapu hivi vimefundishwa na maofisa wa kilimo na vikundi vya wanawake kwa miaka mingi.

SOMO LA KWANZA: KUPIMA NA KUSUKA

Kazi haianzi na ususi, bali huanza na kupima. Kila mwanafunzi apime sufuria ambayo kwao hutumiwa kwa maharagwe: upana wake na urefu wake, pamoja na kifuniko. Majani yanayoizunguka yapasa kuwa na unene wa sentimita 10 pande zote, chini, na juu pia.

Mathalani, sufuria ina upana wa sentimita 24 na urefu wa sentimita 14. Upana wa ndani wa kikapu utakuwa 24, na 10 za upande mmoja, na 10 za upande wa pili; jumla 44. Kina chake kitakuwa 14, na 10 za chini, na 10 za mto wa juu, jumla 34. Hesabu hiyo ni rahisi, lakini mwanafunzi akikosea, sufuria haitaingia, au majani yatakuwa membamba na chakula kitapoa. Kosa lenyewe litamsahihisha, hata mwalimu asiposema neno.

Kwa kusuka, itumike mali inayopatikana karibu: ukindu, matete, fito za mianzi au kamba za mkonge. Pasiwe na haja ya kununua. Kama katika kijiji yuko bibi mzee ajuaye kusuka vikapu, na aalikwe darasani akae mbele awafundishe watoto. Watoto watapata ufundi, na pia wataona kwamba maarifa hayatoki vitabuni tu. Kikapu kikubwa cha sokoni kisichotumika chaweza kufaa vile vile, kama hakikutoboka.

Kikapu kikiisha, kijazwe nyasi kavu au majani makavu ya mgomba yaliyokatwakatwa. Yawe makavu kabisa, kwa maana yenye unyevu huvunda na huacha joto lipite. Yashindiliwe vizuri kuizunguka sufuria tupu, ili sufuria ikitolewa shimo libaki na umbo lake.

SOMO LA PILI: KUSHONA

Hapa ndipo sindano inapoingia. Vinatakiwa vitu viwili: kitambaa cha kufunika majani ndani ya kikapu, kama bitana ya koti, na mto wa kufunika juu.

Mto hufanywa kwa vipande viwili vya mviringo. Upana wa kikapu ni sentimita 44. Zikiongezwa sentimita 2 kila upande kwa ajili ya mshono, kila kipande kitakuwa na upana wa sentimita 48. Vipande viwili vikiwekwa ubavu kwa ubavu ni sentimita 96, kwa hiyo nusu mita ya kitambaa chenye upana wa mita 1 yatosha. Ili kuchora mviringo, mwanafunzi achukue uzi wenye urefu wa sentimita 24, amshikishe mwenzake ncha moja katikati ya kitambaa, na kwa ncha ya pili azungushe chaki. Asikate kabla mwalimu hajaona alama zake. Kitambaa kilichokwisha katwa hakirudi.

Vipande hivyo vishikizwe kwanza kwa bandi, kisha vishonwe kwa mshono madhubuti wa kurudi nyuma, kila pigo la sindano likirudi hadi lilipoishia pigo lililotangulia. Mwanafunzi mvivu atashona kwa bandi peke yake. Lakini atakapoanza kuujaza mto, mshono utaachia na sufi itamwagika mapajani mwake. Tangu siku hiyo hatauliza tena kwa nini mshono mmoja watakiwa hapa na mwingine pale. Mto waweza kujazwa sufi, vitambaa vikuukuu vilivyokatwa vidogo, au majani makavu. Uwe na foronya ya nje inayovuliwa, yenye mdomo wa kufungwa kwa vikanda, kwa kuwa mvuke wa chakula utaulowesha na lazima ufuliwe na kuanikwa juani.

Pembe za kitambaa zilizobaki zisitupwe. Zikiunganishwa tabaka kwa tabaka zatosha kushona vishikio viwili vya kuepulia sufuria ya moto. Hapo mwanafunzi hufanya mazoezi ya kupinda pindo, na jikoni mwao hapatakuwa tena na mtu wa kuungua vidole kwa kushika sufuria kwa upindo wa leso.

SOMO LA TATU: KUPIKA, NA HATARI ZA KUANGALIWA

Katika somo hili mwalimu asiwe na haraka, kwa sababu kikapu kikitumiwa bila maarifa chaweza kudhuru. Maharagwe mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo huharibiwa kwa kuchemshwa sana. Yakitiwa moto mdogo tu, sumu haitoki, na alaye atatapika na kuharisha baada ya saa chache. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba maharagwe yaweza kupashwa moto kidogo na kuachiwa kikapu kifanye kazi yote. Utaratibu ulio salama ndio huu:

Kwanza, maharagwe yachambuliwe, yaoshwe, na kulowekwa usiku kucha. Asubuhi maji yale yamwagwe.

Pili, yatiwe maji mapya, yachemshwe kwa nguvu. Dakika 10 za kutokota kabisa ni za lazima kwa kuondoa sumu. Lakini kwa ajili ya kikapu ni bora yatokote dakika 20 hadi 30, ili joto liingie mpaka ndani ya kila punje.

Tatu, sufuria ijae angalau theluthi mbili, kwa maana sufuria yenye chakula kidogo hupoa upesi. Kifuniko kibane vizuri. Maji yapunguzwe kuliko desturi, kwani ndani ya kikapu hayakauki.

Nne, sufuria ikiepuliwa, kitako chake kipanguswe na kutazamwa sana. Kaa moja lililonata masizini laweza kuyawasha majani na kuteketeza nyumba.

Tano, sufuria ikiisha kutiwa na kufunikwa kwa mto, isifunuliwe kuchunguliwa. Kila mara kikapu kinapofunuliwa, joto hutoka. Maharagwe yakae saa tatu au nne. Wali uliochemka dakika tano hutosheka na kiasi cha saa moja.

Sita, chakula kikitolewa kirudishwe motoni mpaka kichemke, kisha kiliwe. Kisilazwe ndani ya kikapu usiku kucha. Viini vya maradhi huongezeka upesi katika chakula kilicho vuguvugu, yaani chini ya digrii 60. Kama sufuria ikitoka haina moto wa kuunguza mkono, kikapu kina kasoro, na darasa lina kazi ya kuitafuta: je, majani ni membamba? Mto haukujaa? Kifuniko hakibani? Na chakula kilichokaa vuguvugu kwa muda mrefu kimwagwe, hata kama roho inauma.

SOMO LA NNE: HESABU ZA NYUMBANI

Kikapu kisipopimwa faida yake, kitakuwa pambo kama kile kitambaa cha sandukuni. Basi kila mwanafunzi awe na daftari. Kwa wiki moja nyumbani kwao wapike kama desturi, na kuni za kila siku zipimwe kwa mizani ya dukani, au zihesabiwe fito kwa fito. Kama ni makaa, yahesabiwe kwa mikebe. Wiki ya pili vyakula vile vile vipikwe kwa kikapu. Kisha hesabu mbili hizo zilinganishwe darasani.

Kama maharagwe yalikuwa yakikaa motoni saa tatu, na sasa yachemka dakika 40, pamoja na kule kuyapasha moto mwishoni, basi saa mbili na dakika 20 za moto zimeokolewa kwa siku moja. Nyumba inayopika maharagwe mara tatu kwa wiki itaokoa saa saba za moto. Mwanafunzi aulize zaidi: saa hizo ni mizigo mingapi ya kuni? Aliyekuwa akiibeba ni nani? Au kama makaa hununuliwa, ni shilingi ngapi, na zaweza kununua nini?

Hapa faida kubwa kuliko zote huonekana. Katika nyumba nyingi maharagwe yameachwa si kwa sababu hayapendwi, bali kwa sababu hula kuni. Mahali pake hupikwa vyakula vinavyoiva upesi, na mtoto aliyeachishwa ziwa hulishwa uji mtupu wa mahindi au muhogo. Ugonjwa wa utapiamlo uitwao kwashiorkor, ambao Daktari Cicely Williams alieleza habari zake kutoka Gold Coast katika miaka ya 1930, hupata hasa watoto wa umri huo: miguu huvimba, nywele hufifia rangi, na mtoto hukosa raha. Maharagwe peke yake si dawa ya ugonjwa huo, na mtoto mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Lakini nyumba ambayo maharagwe yamerudi sufurianii kwa sababu kuni si tatizo tena, imepata chakula cha kujenga mwili bila kuongeza gharama. Tena moshi umepungua jikoni, na moshi huo ni mmoja wa maadui wa mapafu ya akina mama na watoto wadogo.

MWALIMU AFANYEJE?

Kazi hii yaweza kumalizika kwa wiki sita: wiki ya kupima na kukusanya mali, mbili za kusuka na kujaza, moja ya kushona, moja ya kupika, na moja ya hesabu. Wiki ya kupima kuni kwa desturi ya zamani itangulie, hali kikapu kikiwa bado kinasukwa. Wanafunzi wagawanywe wanne wanne, kila kundi na kikapu chake. Wavulana nao washiriki. Nao hula, na wengi wao watakaa peke yao mjini siku moja wakitafuta kazi, mahali ambapo mkebe wa makaa si rahisi.

Makosa matatu yaepukwe. La kwanza ni mwalimu kufanya kazi yote mwenyewe na watoto kutazama. La pili ni kuwaagiza wazazi wanunue vitu vya bei, maana mtoto wa maskini ataona haya na ataacha somo. La tatu, lililo kubwa, ni kutoa alama siku ya maonyesho na kufunga daftari. Alama za mwisho zitolewe mwezi mmoja baadaye, mwalimu atakapopita nyumbani kwa mwanafunzi, kwa kuomba ruhusa na kwa heshima, aone kama kikapu kiko jikoni. Akikikuta na masizi, foronya imefuliwa mara kadhaa, na mama ameongeza mto wa pili kwa shauri lake mwenyewe, ajue kwamba somo limefika. Akikikuta kimening'inizwa ukutani kisafi kabisa, na amwulize mama kwa upole sababu yake, kisha arudi darasani akafikiri upya, maana huenda kikapu ni kidogo, au jamaa wale hula saa ambazo yeye hakuzijua.

Wahenga walisema kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Mtoto aliyesuka kikapu, akashona mto wake, akapika maharagwe yakaiva bila kumdhuru mtu, na akaandika hesabu za kuni alizookoa, ameonja asali yenyewe. Na jioni ile watu wa nyumbani kwao wameionja pamoja naye.